Alamu inalia mchana na nyumba haina mtu

Boss, umesema alamu ya wezi inalia tu saa nane saa tisa mchana, usiku imetulia, na sensa (kile kidude cha ukutani cha kugundua mtu akisonga) inaangaliana na dirisha. Kabla ulaumu fundi, angalia kwanza hilo dirisha. Hizi sensa za kawaida hazioni mtu bana, zinasoma joto likisonga, sasa jua likipiga sakafu alafu wingu lipite, ama pazia lipepee mbele ya ukuta wenye jua limeuchoma, kwake hiyo ni mtu amepita. Na kama ni nyumba ya mabati bila silingi ndo kabisa.

Ihamishe kwa ukuta wenyewe wa dirisha, kwa kona, ipee jua mgongo, juu mita 2 na kitu hivi, na isiangalie jiko wala nyuma ya friji. Kabla uanze kutoboa ukuta lakini, funga madirisha na pazia siku moja uone kama itanyamaza.

Kitu ingine watu husahau ni buibui. Wanapenda hapo kwa kona sana, na akitembea juu ya ile plastiki nyeupe ya mbele sensa inamsoma ka jitu kubwa. Panguza na kitambaa kikavu, na usipulizie dawa ya wadudu hapo hapo, inaweza kuharibu plastiki.

Betri weka tu mpya, zikichoka nazo huleta vituko. Kupunguza sensitiviti, yaani ukali wa sensa, iwe kitu ya mwisho kabisa kujaribu, sababu ukianza na hiyo hata mwizi atapita akikupungia mkono.