Acha Pasi ya Umeme, Beba Mwiko: Mizigo ya Familia ya Mwanajeshi Anayekwenda Kozi Ng'ambo

Mume wangu alipopangiwa kozi katika chuo cha maofisa cha Fort Leavenworth, jimbo la Kansas, tulikuwa tukiishi Lanet, Nakuru, na watoto watatu. Tiketi zetu ziliruhusu kila mtu mabegi mawili ya kilo 23. Nikapiga hesabu: watu watano, mabegi kumi, kilo 230. Nikaona nyumba nzima itaingia! Tangu turudi Nakuru, wake wa wanajeshi wenzangu hunipigia simu kila msimu wa kozi unapokaribia: "Mama, tubebe nini?"

Mimi huwauliza kwanza: asubuhi ya kwanza mtoto akiamka huko, ni kitu gani atakihitaji ambacho huwezi kutoka ukakinunua? Anza na hicho.

Kwetu kilikuwa dawa. Kitinda mimba wangu ana pumu. Inhela zake zote mbili nilizifunga kwenye begi kubwa, katikati ya sweta, zisije zikavunjika. Tulipobadilisha ndege begi hilo likabaki nyuma, likatufikia siku ya tatu. Usiku wa kwanza sikulala. Nilikaa kando yake nimemwekea mkono kifuani, nasikiliza kila pumzi inavyoingia na kutoka. Mungu alitulinda, hakubanwa. Lakini dada yangu, dawa hazikai kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Zibebe mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari iliyoandika jina la dawa yenyewe. Hata majina hubadilika: hii dawa ya pumu tunayoiita salbutamol, Marekani wanaiita albuterol, na dukani hupewi bila karatasi ya daktari.

Kwenye mkoba huo huo weka vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, ripoti za shule na kile kijitabu cha kliniki ambacho wengi wetu hukitupa mtoto akishaanza kusoma. Shule za kule hutaka tarehe ya kila chanjo. Chanjo isiyo na tarehe huhesabiwa kuwa mtoto hakuipata, naye hudungwa upya. Wanadai pia chanjo ya tetekuwanga, ambayo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu. Kifungua mimba wangu alipopimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozi, mkono ulivimba. Nikamwonyesha nesi kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na tarehe yake kwenye kijitabu, akaelewa, akaagiza kipimo cha damu. Damu ilikuwa safi.

Nguo ndizo zilizotudanganya. Julai Nakuru ni baridi, na kila mtu alikuwa ametutisha na theluji. Tukafunga makoti mazito na mablanketi, tukashuka kwenye jua kali la zaidi ya nyuzi 30, watoto wanatokwa jasho na nguo nyepesi ziko chini kabisa. Baridi yenyewe ilikuja miezi baadaye, na kufikia hapo tulishajua maduka ya mitumba ya huko, yenye makoti yaliyoshonewa baridi ile hasa.

Vyombo vya umeme acha. Huku tuna volti 240, kule 120. Pasi yangu niliichomeka nikasubiri, ikabaki vuguvugu, kwa sababu volti zikipungua nusu joto hubaki robo. Chaja za simu na za kompyuta zilifanya kazi. Geuza chaja usome yale maandishi madogo: ikiwa imeandikwa 100-240V, ibebe, plagi utainunua.

Jikoni nilisahau mwiko. Mwiko tu! Nilisonga ugali kwa kijiko cha plastiki, kikapinda kwenye sufuria, na watoto wakakataa uji uliogoma kuwa ugali. Beba mwiko wa mti ulio mkavu na safi, beba majani chai. Nyama na matunda usiguse, na chakula chochote ulichobeba kitaje kwa watu wa forodha.

Kitu kimoja ningeongeza ni leso na shanga. Maofisa wa mataifa mengi husoma pale, na ilifika siku kila nchi ikapanga meza yake ya utamaduni. Nilikuwa na bendera moja na kiondo kimoja. Binti yangu alikisimamia kiondo kile jioni nzima, akieleza kinavyosukwa kama aliyekisuka mwenyewe, na nikaumia kwamba sikumbebea zaidi.

Mabegi yapime nyumbani kabla ya kwenda Nairobi. Mimi nilitumia mizani ya duka la nafaka pale Free Area, mwenye duka akanipimia moja moja. Vitu vilivyobaki tulivitia kwenye sanduku la bati la baba watoto, tukalipeleka kwa mama mkwe. Orodha moja niliibandika ndani ya kifuniko, nyingine nikasafiri nayo, na ufunguo nikamwachia mama.