Maswali yenu: Kwa nini fainali ya Simba na Yanga ilikwenda Kigoma?

*Shikamoo mzee. Mimi ni Yanga damu, naishi Ilala. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2021 walitupeleka Kigoma, nauli ikanishinda, nikaishia kuangalia kibanda umiza. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000, kwa nini uliachwa? Wiki tatu kabla tulikuwa tumemfunga Simba hapo hapo. Naamini tungecheza Dar, kombe lingekuwa letu.*
Msomaji, Ilala

Marahaba, kijana wangu. Nauli ya Dar hadi Kigoma si mchezo, kwa hilo sina la kukubishia. Mengine tutabishana.

Kombe hili la mtoano la Tanzania liliporudi msimu wa 2015/16, fainali ya kwanza ilichezwa Dar, na ninyi mkaifunga Azam 3-1. Baada ya hapo likaanza kutembea: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020. Kigoma haikuchaguliwa kuwakomoa Yanga. Na si fainali peke yake. Nusu fainali za mwaka ule, Simba waliitoa Azam pale Majimaji, Songea, nanyi mkaitoa Biashara United uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, kwa bao la Yacouba Sogne.

Sasa itazame miji hiyo mitatu. Songea, Tabora, Kigoma: msimu wa 2020/21 hakuna hata mmoja uliokuwa na timu Ligi Kuu. Wewe wa Ilala, Simba na Yanga unawaona mpaka unachagua mechi ya kwenda. Mtoto wa Ujiji aliwajua kwa redio na televisheni. Ligi haimfikii kama mkoa wake hauna timu, lakini fainali ya mtoano inaweza kumfikia, kwa sababu uwanja wa fainali unaweza kupangwa mkoa wowote. Ukiirudisha Dar kila mwaka, mtoto yule unamwachia nini?

Nilikuwepo. Asubuhi ya Julai 25, pale Mwanga, Kigoma mjini, mafundi cherehani walikuwa barazani wanashona bendera, rundo la kitambaa chekundu huku, la kijani na njano kule. Fundi mmoja niliyesimama kwake aliishiwa uzi wa kijani, akaendelea na mweusi, na wateja wakazichukua bendera zikiwa hata hazijakatwa nyuzi. Saa nne ilikuwa haijafika, na barabara ya kwenda uwanja wa Lake Tanganyika ilishajaa. Dar sijaona watu wakiisubiri mechi namna ile, na nimekaa Dar miaka mingi.

Kufungwa kwenu hakukutokana na mji. Mpira ulikuwa sawa kwa sawa mpaka Mukoko Tonombe alipompiga kiwiko John Bocco kabla ya mapumziko, akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili mlicheza pungufu na mkakaza kwelikweli. Mabeki wenu siku ile niliwavulia kofia. Zikiwa zimebaki dakika kumi hivi, Luis Miquissone akachonga kona, Taddeo Lwanga akapanda hewani na kupiga kichwa. 1-0. Lwanga, kiungo mkabaji kutoka Uganda, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuvunja mashambulizi ya wengine! Nakubali kwamba Julai 3, lilipoingia lile shuti la Zawadi Mauya, mlistahili ushindi. Ila siku ile mlimaliza mkiwa kumi na mmoja.

Tena Kigoma hawakuwa wageni wa kombe hili. Desemba 2018 Mashujaa yao, ikiwa daraja la kwanza, ngazi moja chini ya Ligi Kuu, ilisafiri hadi Dar ikaitoa Simba 3-2, msimu ule ule ambao Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tangu 2023 Mashujaa wako Ligi Kuu, na vigogo wanakwenda Kigoma kucheza mechi za ligi. Kwa hiyo ningependa fainali ipelekwe kwa wenye njaa nayo, na kama ningeulizwa ningesema Mpanda. Watu wa Katavi nao wanunue bendera.

*Biashara United walitolewa na Yanga nusu fainali msimu huo. Ilikuwaje wakaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika?*
Msomaji, Musoma

Ni kwa sababu ya nafasi, ndugu yangu. Mafanikio ya Simba Afrika yaliipa Tanzania nafasi nne: mbili Ligi ya Mabingwa, mbili Shirikisho. Bingwa wa kombe la ndani ndiye mwenye haki ya Shirikisho, lakini Simba alikuwa pia bingwa wa ligi, na Yanga wa pili, wote wawili wakaenda Ligi ya Mabingwa. Nafasi za Shirikisho zikashuka kwa Azam wa tatu na Biashara wenu wa nne. Waliitoa Dikhil ya Djibouti, wakaichapa Al Ahli Tripoli 2-0 hapa nyumbani, halafu safari ya Libya ikashindikana, wakatolewa bila kucheza mechi ya marudiano. Timu iliyokuwa inaongoza kwa mabao mawili! Mpaka leo linaniuma.