Ganda la VVU: mambo ya kujua kabla hujagusa seli

Michoro mingi ya vitabuni bado inaonyesha ganda la VVU likipasuka mara tu virusi vinapoingia kwenye seli. Usipange jaribio kwa kuufuata mchoro huo. Utafiti uliotoka tangu 2020 unaonyesha kwamba ganda hilo, yaani kapsidi, husafiri likiwa zima au karibu zima hadi kwenye kiini cha seli, hupenya tundu za kiini, na kazi ya kugeuza RNA kuwa DNA humalizikia mle ndani.

Kapsidi ina umbo la koni. Imejengwa kwa protini za p24 zipatazo 1,500, nyingi zikiwa zimepangwa sita sita; mafungu ya tano tano ni 12 tu, nayo ndiyo yanayolikunja ganda likafunga. Katikati ya kila fungu la sita pana kitundu chenye chaji chanya. Humo hupita nyukleotidi za kujengea DNA, na humo pia hushika IP6, molekuli ya seli yenyewe inayolikaza ganda. Badiliko la P38A kwenye protini ya p24 hulilegeza ganda, la E45A hulikaza mno, na yote mawili hushusha maambukizi. Kwa hiyo ukiona maambukizi yameshuka, hujajua bado kilichoharibika. Kusoma GFP, protini inayong'aa kwenye seli zilizoambukizwa, peke yake baada ya siku mbili hakutakuambia.

Pima hatua kwa hatua. DNA iliyokaribia kukamilika ipime saa 8 hadi 12 baada ya kuambukiza, na duara za 2-LTR, yaani DNA ya virusi iliyojifunga duara ndani ya kiini, zipime saa 24. Ya kwanza ikiwa sawa na ya pili ikiwa chini, shaka ielekee kwenye kuingia kiini.

Kinachowaponza wengi ni plasmidi, yaani DNA iliyotumika kutengenezea virusi maabarani, ikibaki kwenye virusi hivyo: PCR, kipimo cha kuhesabu DNA, huisoma kana kwamba ni DNA ya virusi. Tibu virusi kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, kama saa 1 kwenye nyuzi 37, pamoja na magnesiamu, maana bila hiyo kimeng'enya hakifanyi kazi. Kisha weka daima kisahani chenye nevirapini, dawa inayozuia virusi kutengeneza DNA. Kama namba haishuki hapo, unasoma plasmidi, na matokeo ya siku hiyo hayafai. Usawazishe virusi kwa p24, ila kumbuka kipimo hicho huhesabu pia chembe bovu na protini inayoelea. Ongeza kipimo cha kimeng'enya cha virusi kinachogeuza RNA kuwa DNA.

Aina ya seli nayo si jambo dogo. Virusi vyenye badiliko la N74D, visivyoshikana na CPSF6, protini ya seli inayoshika kapsidi, huambukiza seli za maabara za HeLa bila shida lakini hukwama kwenye makrofaji, seli za kinga za mwili. Na ukichunguza TRIM5α ya nyani rhesus, protini ya kinga inayoshambulia kapsidi, usimwage virusi vingi: kinga hiyo huzidiwa, ukadhani haipo. Anza na kiwango kinachoambukiza seli chache, upande taratibu.

Lenakapaviri, sindano ya kukinga VVU ya mara mbili kwa mwaka iliyojaribiwa Uganda na Afrika Kusini bila hata maambukizi moja kati ya wanawake 2,134 walioipata, hukaa kwenye mfuko uleule wa kapsidi ambamo CPSF6 hushika. Ukiitumia maabarani, usichague dozi moja. Kwa nanomola chache huzuia zaidi kuingia kwenye kiini. Ukifika makumi ya nanomola, utengenezaji wa DNA wenyewe unaanza kuvurugika, na hapo hatua mbili zinachanganyika kwenye grafu yako.