Refa wa Miaka 14 Asiachwe Peke Yake Barafuni

Mwezi Oktoba, hoki ya barafuni ya vijana inapoanza hapa jimboni Minnesota, Marekani, hatukosi marefa chipukizi. Wanafika na jezi mpya za milia nyeusi na nyeupe, filimbi inang'aa, mzazi yuko nyuma kabeba begi. Kufikia Februari baadhi yao hawapokei mechi tena. Ukiwauliza sababu, ni nadra mtu kukuambia kwamba sheria zilimshinda. Atakuambia kocha alimfokea mbele ya watu wote na hakuna mtu mzima aliyesema neno.

Nimechezesha mechi, na kwa misimu kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni kuwalea hawa wadogo katika chama cha hoki cha mtaani kwetu, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, upande ambao familia nyingi kutoka Kenya zimehamia. Nawaandikia wazazi wenzangu ambao watoto wao wameanza kushika filimbi, na mtu mzima yeyote aliyekabidhiwa vijana wa aina hii. Semina nzuri peke yake haimbakizi refa mdogo kazini. Kinachombakiza ni kujua kwamba siku mambo yatakapoharibika, kuna mtu wake pale kwenye kioo kinachozunguka uwanja.

Semina zenyewe zipo, na ni za lazima. USA Hockey, shirika linalosimamia mchezo huu Marekani, humtaka refa ajisajili upya kila msimu. Kuna masomo, kuna mtihani unaofanywa kitabu cha sheria kikiwa wazi mezani, na kwa watu wazima kuna ukaguzi wa rekodi za uhalifu pamoja na mafunzo ya SafeSport ya kuwalinda watoto. Anayeanza huwa ngazi ya 1, na ya juu kabisa ni ya 4. Mtoto anaweza kuyamaliza hayo yote akapata alama nzuri, kisha akaingia kwenye barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, akashindwa kujua asimame wapi paki inapogeuzwa ghafla. (Paki ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kikimpata mtu kwenye kifundo cha mguu, atakikumbuka.)

Kwa hiyo mechi za kwanza zichaguliwe kwa uangalifu. Watoto wa chini ya miaka 8 huchezea sehemu tu ya uwanja, mara nyingi nusu yake, na hapo ndipo refa mpya aanzie. Hakuna wa kumlaumu sana, mchezo hauendi mbio, naye anapata nafasi ya kuzoea kupiga filimbi kwa nguvu. Filimbi dhaifu ndiyo inayoleta maneno. Ikilia kwa kusitasita, kila aliye uwanjani anajua kwamba aliyeipiga hana hakika, na hapo kocha anaona mlango umeachwa wazi.

Akishazoea, apandishwe hadi mechi za chini ya miaka 10 akiwa na mwenzake mzoefu. Mechi nyingi za watoto huchezeshwa na marefa wawili wenye mamlaka sawa. Paki ikielekea golini, mmoja hutangulia hadi karibu na mstari wa goli, mwingine hubaki kwenye mstari wa buluu, unaotenga eneo la kushambulia, akiangalia kuotea. Mchezo ukigeuka, nao hubadilishana kazi. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Barafuni, marefa wote wawili huwa macho kwenye paki, na nyuma yao mchezaji anampiga mwenzake mkononi kwa gongo bila shahidi. Hilo ndilo somo ninalolirudia kuliko lolote: wewe wa nyuma, paki si yako, tazama watu. Nawaomba waanze kufanya hivyo kipindi kimoja tu kati ya vitatu, kwa sababu ni kazi inayochosha akili.

Sheria nazo zina mitego, hasa kwa kijana aliyekua akitazama NHL, ligi kuu ya kulipwa, kwenye televisheni. Kule, timu iliyopungukiwa mchezaji kwa sababu ya adhabu inaruhusiwa kuipiga paki hadi mwisho wa uwanja ipate kupumua. Kwa watoto wa miaka 14 kushuka chini, USA Hockey iliiondoa ruhusa hiyo kuanzia msimu wa 2017–18: mchezo unasimamishwa, paki inarudi kudondoshwa karibu na goli la aliyeipiga. Vivyo hivyo kugongana kwa mwili. Tangu msimu wa 2011–12 hakuruhusiwi kwa walio chini ya miaka 12, na huanza kwenye kundi la chini ya miaka 14. Refa anayechezesha makundi yote mawili Jumamosi moja inabidi abadilishe macho yake ndani ya saa moja. Mimi huwaandikia vijana kikaratasi cha tofauti hizi, kidogo cha kutosha kukaa ndani ya kofia ya kinga, wakisome wakati barafu inasawazishwa.

Sasa nije kwenye kumtazama akichezesha. Simama mahali anapoweza kukuona, kisha ufunge mdomo. Usimwelekeze kupitia kioo, usimpungie mkono asogee kushoto. Akianza kukutazama kila anapopiga filimbi, umeshamwondolea mamlaka yake. Chukua kalamu uandike. Utaandika mengi, nami naandika mengi, lakini mechi ikiisha ataambiwa mawili tu: moja alilofanya vizuri, litajwe kwa dakika na tukio lake, na moja la kurekebisha kwenye mechi ijayo. Kumwambia "umefanya vizuri" bila kutaja kitu hakumfai. Mwambie: "Kipindi cha pili, namba saba alipomkwaa mwenzake, mkono wako ulipanda hapo hapo na ukasubiri timu ya huyo namba saba imiliki paki ndipo ukapiga filimbi. Hivyo ndivyo." Mtoto aliyeambiwa hivyo atarudia. Mengine yaliyobaki kwenye karatasi yangu yanangoja wiki zijazo, na mengi hujirekebisha yenyewe kabla sijayataja.

Mazungumzo hayo yafanyikie wapi? Kanuni za SafeSport ziko wazi, na nazipenda. Mtu mzima hapaswi kujifungia na mtoto mahali ambapo hawaonekani. Tatizo ni kwamba viwanja vingi vina chumba kimoja kidogo cha marefa, na humo anaweza kupangwa mtu wa miaka 45 na msichana wa miaka 14. Ulizeni mapema, kabla ya msimu, nani anabadilishia nguo wapi, na msikubali jibu la "tutaona". Mimi huongea na vijana kwenye korido au karibu na duka la vitafunio, watu wakipita, mzazi akikaribishwa kusikiliza. Ujumbe wa simu pia humwendea mzazi na mtoto kwa pamoja. Wazazi wetu wengine huona haya kuuliza mambo kama haya, wakidhani watamvunjia heshima mwenye uwanja. Ulizeni.

Kuna jambo linalotuhusu hasa sisi tuliolea watoto wetu kwa shikamoo. Mtoto wetu amefundishwa kumwacha mtu mzima amalize kusema, kutomkodolea macho, kutojibizana. Kisha tunamvika jezi ya milia na kumtaka amwadhibu kocha mwenye umri wa baba yake. Nimewaona watoto wenye adabu nzuri kabisa wakisimama mbele ya benchi, macho chini, kocha akimwaga maneno, kwa sababu nyumbani kuondoka mtu mzima akiwa bado anaongea ni ufidhuli. Siamini kwamba dawa ni kuwavua adabu hiyo. Sauti ya upole inatuliza mechi kuliko ukali, na hao watoto wanayo tayari. Wanachohitaji ni ruhusa, tena itoke kwa mzazi mwenyewe, kwa maneno: "Ukiwa uwanjani umepewa kazi. Kumwadhibu kocha si kumkosea heshima." Mwambie hivyo ukiwa nyumbani, siku ya kawaida, kabla ya mechi yoyote. Mtoto wa pwani au wa bara, akilisikia kutoka kwa mama yake au baba yake, mabega yanashuka.

Baada ya ruhusa, mpe maneno ya kusema. Tunayafanyia mazoezi kwa sauti, mimi nikiwa kocha mkali. "Kocha, nimekusikia. Tunaendelea." Akiendelea kupayuka: "Kocha, hilo ni onyo." Akizidi, mkono juu, adhabu ya dakika mbili kwa benchi, kisha ateleze aondoke, aende kwenye meza ya wanaoandika magoli na adhabu. Asibaki pale kujieleza. Anayerudia maneno hayo mara nyingi nyumbani hatayatafuta siku yenyewe, na sauti haitatetemeka sana.

Kwa watazamaji, sera ya USA Hockey ya kutovumilia matusi inampa refa silaha ambayo vijana wengi hawajui kuwa wanayo. Mzazi akivuruga mechi, refa husimamisha mchezo, humwonyesha kocha ni nani, na huyo mzazi huondolewa eneo la kutazamia. Mchezo hauendelei mpaka ametoka, na muda uliopotea haurudishwi. Kijana hana haja ya kubishana na jukwaa. Hata hivyo mimi husema waziwazi: mtoto wa miaka 14 asiwe wa kwanza kuchukua hatua hiyo huku watu wazima wa chama wamekaa hapo wakinywa kahawa. Kama uko pale, inuka, nenda kakae karibu na huyo mzazi, umwambie taratibu refa ana umri gani. Mara nyingi hilo latosha. Katika sehemu kadhaa za Kanada marefa walio chini ya miaka 18 huvaa kitambaa cha kijani mkononi ili kila mtu akumbuke anamfokea nani, nami natamani viwanja vyetu vyote viige.

Januari ndiyo mwezi mgumu. Baridi ya nje inauma, mashindano ya wikendi yanafuatana, makocha wanahesabu pointi, na shuleni kuna mitihani. Mpanga ratiba naye ana mechi zisizo na refa, kwa hiyo anambebesha yule asiyejua kukataa. Mkingie. Mechi mbili kwa siku zinamtosha anayeanza, na wikendi moja kwa mwezi awe mtoto tu. Malipo yake yafike kwa wakati. Kwake ni pesa za kweli za kwanza maishani, na zikichelewa anajifunza kwamba hathaminiwi. Kuhusu vifaa sina mengi: kofia yenye kioo cha macho, kinga za miguu chini ya suruali nyeusi, viatu vya barafu vilivyonolewa. Chama kikusanye vilivyotumika na kuviazima, maana gharama imewafungia wengi mlango hata kabla ya semina.

Watoto wetu wakiniuliza kama kuna mtu mweusi aliyefika juu kwa filimbi, nawatajia Jay Sharrers, aliyekulia Kanada. Aliingia NHL mwaka 1990 kama mwamuzi wa mstari, na 2001 akawa refa mkuu wa kwanza mweusi kwenye ligi hiyo. Wanamtafuta kwenye simu hapo hapo.

Machi mechi zikiisha, usiwaache watawanyike kimya. Muulize kila mmoja, mzazi akiwepo, mechi ipi ilikuwa mbaya kuliko zote na nani alimsaidia siku hiyo. Andika jibu lake, kisha nenda kwa mpanga ratiba umwombe jina hilo la aliyesaidia lipangwe naye Oktoba, kwenye mechi yake ya kwanza. Na usajili wa msimu mpya ukifunguliwa kiangazi, piga simu nyumbani kwao mapema, kabla hajajiamulia peke yake kwamba harudi.