Kinda wa kasuku ambaye bado analishwa kwa bomba: nimchukue sasa au nisubiri?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Leicester, Uingereza, na ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu zenye urefu wa saa kumi na mbili. Nimepata mfugaji anayeuza kasuku wa kijivu mwenye umri wa wiki sita. Anasema nikimchukua sasa na kumlisha mwenyewe kwa bomba la sindano, atanizoea mimi tu maisha yake yote, na bei atanipunguzia. Nikisubiri aache uji, bei inapanda. Sijawahi kulea kinda wa kasuku, ila nimekua nikifuga kuku kwetu Kisumu. Nimchukue?

JIBU: Marahaba, dada. Usimchukue. Mwache kwa mfugaji mpaka ajilishe mwenyewe, ndipo umnunue. Nitakueleza sababu, halafu namna ya kuhakikisha kwamba kweli ameacha uji, kwa kuwa wanunuzi wengi huuziwa ndege ambaye bado hajamaliza.

Kwanza hilo la kuzoeana, maana ndilo linalouza makinda. Kasuku hamwandami mtu kwa sababu aliwahi kumlisha. Kinda anapoanza kuruka na kujilisha hujitenga kidogo kidogo na mlishaji wake, kama porini anavyojitenga na wazazi, na kuanza kutafuta wenzake wa kundi. Wakati huo ndipo anapokuzoea wewe. Akibalehe, akiwa na miaka mitatu hadi mitano, anaweza hata kuhamishia mapenzi yake kwa mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, awe alimlisha au hakumlisha. Kinachomfanya kasuku awe mtulivu ukubwani ni kukaa na ndugu zake wa kiota, kujifunza kuruka vizuri, na kuachishwa uji taratibu bila kulazimishwa. Kasuku wa kijivu aliyetengwa mapema na kuachishwa kwa pupa mara nyingi huwa mwoga, hulialia chakula kwa miezi, na wengine huishia kujinyonyoa manyoya.

Uzoefu wa kuku, nasikitika, hautakusaidia hapa. Kifaranga hutoka kwenye yai na manyoya yake na kudonoa siku hiyohiyo. Kasuku wa kijivu huanguliwa kipofu na bila manyoya, ana gramu 12 hadi 16 tu, na atategemea kulishwa kwa miezi mitatu hadi minne. Huyo wa wiki sita ndiyo kwanza manyoya yanapasua ala zake. Bado anahitaji joto la nyuzi 28 hadi 30 mahali anapolala, na sakafu yenye taulo au maranda ya mbao ili miguu isiteleze na kupanuka pande mbili.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kinda wa wiki sita mwenye gramu 350 hula kiasi cha mililita 35 kwa mlo mmoja, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake, mara tatu au nne kwa siku. Uji ni wa unga maalumu wa makinda wa kasuku, unaochanganywa kwa vipimo vya kwenye paketi. Uji wa wimbi haumfai, na maziwa ya ng'ombe hawezi kuyameng'enya. Mlo wa kwanza ukiwa saa kumi na mbili asubuhi, wa pili ni saa sita mchana. Zamu yako yenye urefu wa saa kumi na mbili itaangukia kwenye milo miwili, na kinda hasubiri.

Joto la uji ndilo linaloleta madhara mengi tunayoyatibu. Uji uwe nyuzi 39 hadi 41 unapoingia mdomoni, ukipimwa kwa kipimajoto cha dijitali. Usipime kwa kidole wala kwa kifundo cha mkono. Ukishuka chini ya 38, kinda huukataa, au gole lake (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo) hupunguza mwendo na chakula kikachacha humo ndani. Ukifika 43 na zaidi, unaunguza ngozi ya gole. Ubaya wa kuungua huku ni kwamba siku hiyo huoni kitu: kinda anakula na anachangamka. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki, kigaga cheusi hujitokeza kifuani, kigaga kinadondoka, na uji unaanza kuvuja nje kupitia tundu. Hapo dawa ni upasuaji. Chanzo cha kawaida ni maikrowevu, kwa sababu inapasha uji kwa mabaka: sehemu moja ni nyuzi 40, nyingine ni 50. Pasha maji peke yake, changanya unga, koroga hadi chini, kisha pima.

La pili ni uji kuingia kwenye njia ya hewa. Koo la chakula la kasuku hupita upande wa kulia wa shingo, kwa hiyo bomba huingizwa kutoka upande wa kushoto wa mdomo wa ndege na kuelekezwa kulia. Unasukuma uji pale tu kinda anapotikisa kichwa juu na chini kwa nguvu, kwa sababu mtikiso huo huambatana na kumeza, na njia ya hewa huwa imefungwa. Akiacha kutikisa, nawe unaacha, hata kama nusu ya bomba imebaki. Mlishaji mgeni huona mililita 35 kwenye karatasi na kulazimisha zote ziishe. Kinda anakohoa, anapumua akifungua mdomo, na nimonia inaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili.

La tatu ni gole lisiloisha. Alfajiri, kabla ya mlo wa kwanza, gole linapaswa kuwa tupu kabisa, ngozi imelegea. Ukikuta uji wa jana, usiongeze mwingine juu yake. Unaochacha hulisha bakteria na fangasi, na kinda wa umri huu anaweza kufa akiwa na gole lililojaa. Gole kusimama kunaweza kutokana na ubaridi wa uji au wa chumba, bomba lisilosafishwa vizuri, au ugonjwa wa virusi. Kasuku wa kijivu wachanga hushambuliwa vikali na virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya. Kwao mara nyingi dalili ya kwanza ni hiyo ya gole kusimama, kisha upungufu wa damu na kifo, manyoya yakiwa bado mazuri. Ukimnunua mapema, hasara hiyo inahamia kwako kabla kipimo hakijafanyika. Hili ni jambo la kuliwazia hasa unapopunguziwa bei.

Kuna pia mifupa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2003 uliwapiga eksirei kasuku wa kijivu waliolelewa kwa mkono, na karibu nusu yao walikutwa na mifupa iliyopinda kutokana na malezi. Kalsiamu na vitamini D zisipotosha, na kinda akihimizwa kusimama na kutembea kabla ya wakati wake, miguu hupinda na hainyooki tena.

Upande wa sheria, England ina kanuni za leseni za mwaka 2018: mwenye leseni ya kuuza wanyama wa kufugwa haruhusiwi kuuza ndege asiyeweza kujilisha. Muulize mfugaji namba ya leseni yake na halmashauri iliyoitoa. Akianza kukwepa, achana naye.

Tuseme amekubali kumlea mpaka mwisho. Usiridhike na maneno kwamba ameacha uji. Omba daftari la uzito: linapaswa kuonyesha gramu za kila asubuhi, na angalau wiki mbili za mwisho bila bomba hata moja. Makinda hupungua kidogo wanapokaribia kuruka, hiyo ni kawaida. Lakini baada ya hapo uzito utulie. Daftari likionyesha unaendelea kushuka, huyo bado. Kisha nenda asubuhi, kabla sahani hazijabadilishwa, ukae nusu saa ukimwangalia. Usidanganyike na maganda ya mbegu yaliyotapakaa, kwani kinda hutafuna na kutupa siku nyingi kabla ya kujua kumeza. Unataka kuona anabandua alizeti au karoti, anameza, anarudi kuchukua nyingine, na ukirudi jioni, ukigusa chini ya shingo unasikia gole limejaa laini. Mguse na mfupa wa kidari: ukichongoka kama kisu, hajilishi vya kutosha.

Uliza kama ameruka. Kasuku wa kijivu aliyekatwa mabawa kabla ya kujua kuruka huanguka kama jiwe na kupasua ngozi ya kidari, na uoga huo hukaa naye. Nakushauri umkatae.

Akifika kwako anaweza kurudi nyuma na kuanza kulia akiomba uji, akichuchumaa na kutikisa mabawa. Sababu ni kuhama, na haina maana kwamba ulidanganywa. Mpe uji wa vuguvugu kwa kijiko, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache, huku sahani yake ikiwa imejaa. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Akipoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito aliokuja nao, mpeleke siku hiyo kwa daktari anayetibu ndege. Mtafute daktari huyo kabla hujalipa chochote, maana kliniki nyingi za mbwa na paka hazina uzoefu wa kasuku. Na wiki ya kwanza apimwe damu na manyoya kwa virusi vile vya ugonjwa wa mdomo na manyoya, pamoja na ugonjwa wa klamidia ya ndege (si ile ya zinaa), ambao huambukiza binadamu. Wewe unayehudumia wazee usiuchukulie kirahisi.

Mwisho ni karatasi. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa hiyo nchini Uingereza hauzwi kihalali bila cheti cha Kifungu cha 10 kinachotolewa na APHA, wakala wa serikali wa afya ya wanyama na mimea, na namba ya cheti ilingane na namba ya pete ya mguuni au maikrochipu. Pete iwe duara kamili isiyo na kiungo: huvalishwa kinda akiwa na wiki chache tu, kabla mguu haujanenepa, hivyo ni ushahidi kwamba alizaliwa kwa mfugaji. Na kama una mpango wa kurudi Kisumu siku moja, fahamu kwamba atahitaji kibali cha CITES cha kutoka Uingereza na cha kuingia Kenya, pamoja na ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ya kumfuga. Shughulikia hivyo vyote kabla ya kukata tiketi.