Barabara Iliyokuja na Maji

Marahaba, mwanangu.

Sisi wazima, isipokuwa goti la baba yako ambalo limeamka tena na mvua hizi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Rasimu ya ramani dada yako amenichapishia kwenye karatasi kubwa, nimeitandika mezani, juu ya ile alama yako ya pasi.

Unaniuliza kitu kimoja tu: kwa mchezo wako wa vita ya Kondoa Irangi, Mei 1916, kila pembesita, kile kijumba cha pande sita kwenye ramani, iwe ya mita 200 au ya mita 500? Kete moja ni kombania moja, unasema, na mwenzako anashikilia 500 ili ramani yote ienee kwenye meza moja. Sawa. Kabla sijakujibu, niambie kwanza: makorongo umeyaweka wapi?

Nimeyatafuta na miwani, sijayaona. Vilima umevipaka rangi tatu, vizuri sana, mkono huo najua umeurithi wapi. Mji upo, barabara ipo, pori lipo. Halafu kati ya kilima na kilima umemwaga kijani hafifu ukaandika "uwanda wazi, gharama ya mwendo 1". Uwanda wazi! Wewe uliyezaliwa Dodoma? Mji wenyewe tunaambiwa jina lake lilikuwa Idodomya, pale alipozama tembo. Nchi iliyomeza tembo, wewe unaitoza pointi moja.

Najua ulivyofanya. Umechukua data za mwinuko zilizopimwa kutoka angani Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi, ukaziachia kompyuta ipange rangi. Sizibezi data hizo, sisi zamani tungezipata tungelia kwa furaha. Lakini korongo la upana wa mita nane na kina cha mita nne linapita katikati ya nukta zako bila kugonga mlango. Ramani za 1:50,000 nazo, kontua, ile mistari ya mwinuko, zikiachana mita 20, haziwezi kulionyesha kwa kontua. Mpaka mchoraji aliweke kwa alama yake. Na mchoraji naye ni binadamu.

Nilikuambia ukiwa darasa la nne, unachora njia ya kwenda shule kwa rula: ardhi hupimwa kwa pumzi. Ukacheka.

Hadithi ya lori unaijua kwa mdomo wa baba yako, na kwa mdomo wake mimi ndiye mjinga na yeye ndiye shujaa juu ya mti. Leo isikie kwangu.

Ilikuwa 1984, mwaka wangu wa pili ofisini. Wasichana hatukupelekwa porini, tulipewa kalamu za wino. Kukawa na mradi wa maji, mabomba yapelekwe kijiji cha mbali, nami nikaambiwa nichore ramani ya njia kutoka picha za anga. Unakumbuka nilivyokuonyesha stirioskopu: picha mbili zinakuwa moja, vilima vinainuka mpaka karibu na pua. Nikaona mstari mweupe, laini, upana ule ule, unajipinda taratibu kutoka kijijini hadi karibu na barabara kuu. Picha zilipigwa kiangazi. Nikauchora kwa mistari miwili ya vipandevipande: njia ya gari. Nakumbuka hata tone la wino lililonidondokea pale pale. Nililikwangua kwa wembe, nikasugua kwa ukucha, nikajisifu kwamba hakuna atakayejua palikosewa. Kumbe kosa nililoliacha lilikuwa barabara yenyewe.

Ulikuwa mto wa mchanga.

Januari, baba yako, ambaye wakati huo kwangu alikuwa dereva wa salamu tu, akaingia humo na lori la mabomba. Anasema mchanga ulikuwa umeshikana vizuri kuliko barabara ya serikali. Pale alipokuwa halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha kule juu milimani. Alisikia kwanza mlio kama mabati yanayoburutwa, akamshika utingo wake mkono, wakapanda mgunga na miiba yake yote. Lori lilipatikana siku ya tatu limelala ubavu. Mabomba mengine hayajaonekana mpaka leo. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe.

Akaja ofisini matope yamemkaukia mpaka magotini. Akaitandaza ramani yangu mezani kwangu, imelowa, akaweka kidole juu ya ule mstari. "Dada, barabara yako ilikuja na maji." Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkubwa wetu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miaka miwili kila aliyekosea mle ndani aliambiwa amechora barabara ya dada. Leo nina wajukuu, na baba yako akianza kuwasimulia wageni bado masikio yananichoma. Ndiyo maana huwa naenda jikoni kutazama chai ambayo haihitaji kutazamwa.

Jumamosi iliyofuata alirudi, amenyoa, akaniuliza kama nataka kuiona barabara yangu. Twende. Tulivuka korongo moja tu linaloingia kwenye ule mto. Kushuka ni kwa matako, viatu mkononi. Chini mchanga unakula mguu. Kupanda unashika mizizi na kuomba isikatike. Nikatazama saa: dakika ishirini na tano. Kwenye karatasi yangu, milimita nne. Kule juu ukingoni alininyooshea mkono. Mengine unayajua.

Kwa hiyo korongo usiliweke katikati ya pembesita, liweke kwenye upande wake. Kete isilipe kwa kukaa mle, ilipe kwa kuvuka. Na malipo yabadilike kwa majira. Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu, maana ule mstari mweupe kweli ni njia. Mwezi wa nane mtu wa miguu anaupita kwa urahisi kuliko popote, na kingo zinamficha asionwe na aliye kilimani. Sikukosea, basi? Nilikosea. Niliiona njia bila kuuliza ni ya nani na ya mwezi gani.

Vita yako ilikuwa mwezi gani? Van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, aliingia Kondoa Aprili, masika, farasi wake wakifa njiani. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akamshambulia usiku wa tarehe 9 Mei. Usiku, mwanangu. Umeandika kanuni ndefu ya nani anamwona nani kutoka kilima gani, na watu walikuwa wanapapasa gizani kwenye mteremko wasioujua.

Kisha kuna jambo linaloninyima usingizi. Kondoa unayoiona leo siyo ile. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Pamerudi miti palipokuwa na udongo mwekundu mtupu. Makorongo mengine ni ya kale, mengine yamechimbika baada ya vita. Data zako za mwaka 2000 haziwezi kukuambia lipi ni lipi. Nenda ukakae na wazee wa Kirangi, ubebe sukari.

Dogo lingine: safu za pembesita umezilaza vibaya. Anayetoka Kondoa kushuka kusini, upande wa Dodoma, anakwenda zigizaga kama mlevi, na anayekwenda mashariki ananyooka. Geuza gridi, barabara ifuate safu.

Kuhusu kuifanya vita hiyo mchezo, nilitaka kusema neno. Babu yangu alibeba mizigo ya majeshi hayo, hatukujua hata alibebea upande gani. Baada yao ikaja Mtunya, ile njaa ambayo bibi hakuitaja bila kushusha sauti, kwa sababu nafaka, ng'ombe na vijana vilikuwa vimechukuliwa na majeshi. Kwenye kete zako sijaona wapagazi. Lakini wewe ni mtu mzima, nami nimejiahidi kunyamaza. Nanyamaza.

Na 200 au 500? Nina jibu, liko kwenye ncha ya ulimi. Tembea kwanza mita 500 za pale, kwa miguu, na saa mkononi, halafu nipigie nikuambie kama tumefikiri sawa.

Kwa basi la kesho nakutumia bahasha. Ndani mna ile karatasi ya 1984, alama ya maji bado ipo, na mkwaruzo wa wembe ukiutafuta utauona. Usiikunje.

Baba yako anauliza kama mchezoni kuna kete ya lori. Nimemwambia hata mwaka 1916 malori yalikuwapo, ya Waingereza, na masika yaliyakwamisha. Amefurahi mno, tangu asubuhi anacheka peke yake.

Mama yako