Daktari wa Meno Anajibu: Eti jino likipigwa leza ndo linazibika vizuri?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina jino la mbele juu lilivunjika pembeni, nimeziba na ile dawa ya rangi ya jino mara mbili na mara zote imebanduka, hii ya juzi nilikuwa nakula muhindi wa kuchoma tu. Sasa binamu yangu yuko Dubai ananiambia huko wanapiga jino leza kwanza ndo wanaziba na haitoki ng'o. Mi nashangaa maana hata hapa daktari alinimulika na ile taa ya bluu, si ndo leza hiyo hiyo? Kama siyo, nijichange niifuate? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba. Tuanze na taa maana hilo naulizwa sana. Ile ya bluu siyo leza, ni taa ya LED yenye mwanga mkali, kazi yake kugandisha ile dawa laini iwe ngumu, kwa hiyo inakuja mwishoni dawa ikishawekwa. Leza anayosema binamu yako inakuja mwanzoni na inachimba jino lenyewe.

Inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni leza ya erbiamu, Marekani FDA, yaani mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, waliiruhusu kuchimba meno mwaka 1997. Mwanga wake wenyewe huuoni kwa macho (ndo maana wote mnavalishwa miwani, usikubali kukaa bila miwani), na huo mwanga unanyonywa sana na maji. Jino lina maji ndani yake, kidogo lakini yapo, basi yakipigwa yanageuka mvuke ghafla yanapasuka na kurusha chembe za jino, utasikia pap pap pap huku mashine inapuliza maji ya kupoza. Kinachobaki ni uso uliokwaruzika, na vile vitundu vyembamba vya dentini, yaani ile sehemu ya ndani chini ya enameli (lile gamba gumu la nje), vinabaki wazi. Drili yenyewe inaacha utando wa unga unaoviziba. Ndo watu wakafurahi wakasema basi, asidi haina kazi tena.

Asidi ni ile jeli, mara nyingi ya bluu, unapakwa halafu inasuuzwa, ukiilamba kwa bahati mbaya ni chachu balaa. Aliyeanzisha mambo hayo ni Michael Buonocore, Mmarekani, mwaka 1955, alipaka asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwenye enameli kwa sekunde 30 akaona plastiki inang'ang'ania. Siku hizi tunatumia ya asilimia 35 mpaka 37, na kwenye dentini haizidi sekunde 15. Ni kama fundi anavyochonga chonga ukuta laini kabla ya kupiga plasta.

Sasa shida ya leza ni joto. Dentini ina nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, na gundi yetu ya kushikisha dawa kwenye jino inatakiwa ipenye katikati yake, leza ikipita zile za juu zinaungua zinagandamana na gundi inakosa pa kupita, na enameli nayo inaweza kupata nyufa ndogo ndogo. Tafiti nyingi za maabara, zile za meno yaliyong'olewa, zimekuta dentini iliyopigwa leza inashika sawa na ya drili au pungufu. Kwa hiyo hata wanaoijua leza vizuri wakimaliza kuchimba bado wanapaka asidi na gundi kama kawaida. Tangazo likikwambia leza inaondoa asidi kabisa, mimi hapo nashika pochi yangu.

Leza ina uzuri wake lakini ni mwingine, haitetemeshi jino, kelele ya drili hakuna, na tundu dogo mara nyingi unachimbwa bila ganzi, mtoto mwoga utamshukuru Mungu.

Jino lako wewe mimi nashuku mate. Tone moja la mate au damu ya ufizi likigusa pale baada ya asidi kusuuzwa, kazi imeharibika na kwa macho huoni kitu. Kwa hiyo nauli ya Dubai weka kwanza, rudi umuulize daktari kama anaweza kukufunga ile raba ya kutenga jino, au basi pamba zibadilishwe kila zikilowa, na mwishoni ung'ate ile karatasi ya rangi aone kama jino la chini linakigonga hicho kipande, maana likigonga hata uzibe kwa nini litatoka tu. Kama unasaga meno usiku mwambie hilo kabla hajaanza. Na muhindi jamani, pukuchua kwa mkono.

SWALI: Dokta mi nina jino limezibwa na zebaki tangu niko shule, leza inaweza kuitoa niwekewe nyeupe? Msomaji, Tanga.

JIBU: Hapana, leza haitumiki kwenye zebaki, chuma kinarudisha mwanga na joto linatoa mvuke wa zebaki, hiyo inatolewa kwa drili na maji mengi na mashine ya kufyonza. Na kama haijavuja wala kupasuka, we unaitolea nini?